Waya ya nne si nyutro ya pili

Anayehamia nyumba ya zamani nchini Marekani na mashine mpya ya kukaushia nguo mara nyingi hukutana na kisa kimoja: plagi ya mashine ina pini nne, na soketi ya ukutani ina matundu matatu. Maelezo niliyoyasikia mara nyingi mno, na mara ya mwisho kutoka kwa mtu aliyekwisha kushika bisibisi, ni kwamba waya ya nne ni "nyutro ya akiba" na kwamba ikikatwa hakuna kitakachoharibika. Waya hiyo si nyutro. Ni ethi.

Kwa ufupi, nyutro ni waya inayourudisha umeme ulikotoka kila mara kifaa kinapofanya kazi, ilhali ethi haibebi kitu mpaka siku ya hitilafu, ambapo huupokea umeme uliovujia kwenye bati la mashine na kuupa njia pana kiasi cha kuifanya sakiti breka ijizime mara moja.

Neno "ethi" halina mzozo. Tulilipata kwa Waingereza, pamoja na plagi yao ambayo pini yake ndefu ya juu ndiyo ethi yenyewe, na maana yake ni udongo; Wamarekani wana neno lao jingine kwa waya hiyohiyo, nalo pia ni udongo. Linalowapotosha watu ni "nyutro", kwa sababu linasikika kama jina la kitu kisicho na nguvu. Asili yake ni Kilatini, "neuter", yaani "si huyu wala si yule", neno ambalo wanasarufi walilitumia kwa nomino zisizo za kiume wala za kike. Kwa sisi tuliozoea umeme wa Mombasa au Dar es Salaam, ambako nyumba ya kawaida hupata laivu moja, yaani waya inayouleta umeme, na nyutro, ni vigumu kuona hao wawili wako wapi. Marekani wanaonekana wazi. Transfoma ya mtaani huleta nyumbani laivu mbili zenye volti 240 baina yao, na nyutro hutoka katikati kabisa ya koili, ikiwa volti 120 kutoka kila upande. Si laivu hii wala si ile. Lakini kukaa katikati si kukaa bure.

Ndani ya mashine ya kukaushia, hita hutumia laivu zote mbili na haina haja na nyutro. Mota inayozungusha ngoma na saa yake, kwa kawaida, hutumia laivu moja tu, na umeme wake hurudi kwa nyutro muda wote nguo zinapozunguka.

Ndiyo maana anayesema kwamba soketi ya zamani "haina nyutro" naye amekosea. Soketi hiyo, ya aina ya 10-30, ina laivu mbili na nyutro. Iliyokosekana ni ethi. Wakati wa Vita Kuu ya Pili, shaba ilipokuwa adimu, kanuni za umeme za Marekani ziliruhusu bati la jiko la umeme lifungwe kwenye nyutro ili waya moja iokolewe, na baadaye mashine za kukaushia zikaingizwa katika ruhusa hiyo. Vita viliisha, ruhusa ikabaki. Toleo la mwaka 1996 ndilo lililodai waya nne kwa kila laini mpya, yaani soketi ya 14-30, huku laini za zamani zikiachwa ziendelee.

Ubaya wa mtindo wa zamani ni huu: skrubu ya nyutro ikilegea ndani ya soketi, umeme uliopita kwenye mota hukosa njia ya kurudi, na kwa kuwa bati limefungwa kwenye nyutro, hilo bati ndilo linalobaki na volti 120. Mashine imenyamaza kana kwamba imekufa. Mtu anaweka kiganja juu yake, mkono wa pili ukiwa kwenye bomba la maji.

Basi, kanuni zikiruhusu laini ya zamani ibaki, breka huzimwa kwanza, waya ya plagi ya mashine hubadilishwa iwe ya pini tatu, na kile kiunganishi kifupi cha shaba nyuma ya mashine hufungwa kati ya nyutro na bati. Ikiwekwa waya ya pini nne, kiunganishi hicho hutolewa. Adapta inayopunguza pini bila kuipeleka ethi popote huliacha bati bila kinga yoyote, na mimi binafsi ningemwita fundi mwenye leseni avute laini mpya ya waya nne.

Ndugu yangu wa bisibisi alinijibu kwamba amewahi kuziona nyutro na ethi zimefungwa pamoja kwenye meni swichi. Ni kweli, hukutana pale, na ni lazima zikutane. Lakini ukiiondoa ile ruhusa ya zamani, ndani ya nyumba zinakutana pale tu. Kutoka hapo hadi kwenye mashine, nyeupe ni nyutro, na ya kijani, au ile iliyo tupu bila ganda, ni ethi.