Mwili Ukisisimka, Umesema Nini Hasa?

Kwenye vijiwe vya kahawa hapa Dodoma, mazungumzo yakigusa wapenzi wa jinsia moja, hakuchelewi kutokea mtu akasema: "Mimi nikiwaona tu mwili unasisimka, na mwili haudanganyi." Nafundisha saikolojia, na kauli hiyo naisikia hata darasani. Siipuuzi, kwa sababu anayeitoa ameuhisi kweli huo msisimko. Anapokosea ni kwenye kuutafsiri.

Dhana: mwili ukikataa kitu, basi kitu chenyewe ni kibaya kwa asili

Mwaka 2017 Karen Blair na wenzake walichapisha utafiti uliofanyika Utah, Marekani, kwa wanaume 120 wanaovutiwa na wanawake. Walioneshwa picha za wanaume wawili wakibusiana, za mwanamume na mwanamke wakibusiana, za vibanio vya karatasi visivyomshtua mtu, na za vitu vya kutia kinyaa kama funza. Kila baada ya mkupuo wa picha walitoa mate, yakapimwa kimeng'enya cha amilesi. Hicho ndicho kinachovunja wanga, hata tonge la ugali wa mtama likaanza kuwa tamu ukilitafuna sana. Ila hupanda pia mfumo wa neva unaposhtuka. Kilipanda kwa picha za funza, kikapanda vilevile kwa za wanaume wakibusiana, kuliko kwa vibanio.

Hapo wengi hudakia, "Si nilisema!" Ngoja kwanza. Kilipanda kwa wanaowachukia wapenzi wa jinsia moja na kwa wasiowachukia, kwa hiyo mshtuko ule hauoneshi msimamo wa mtu. Tena amilesi haitenganishi kinyaa na woga wala wasiwasi. Inajulisha kwamba mwili umeshtuka, basi. Haisemi kwa nini, na malezi ni sababu nzito.

Sisi wa huku tunalijua hilo kwa mlenda. Aliyelelewa Ugogoni anaumezea mate. Mgeni akiuona unavyovutika, koo linamkaza. Mboga ni ileile, chungu ni kimoja. Nimewaona wanafunzi waliofika hapa wakiukwepa, mwaka wa pili wanaomba waongezewe. Mtoto wa mwaka mmoja naye hupeleka mdomoni chochote anachookota, mpaka akemewe tena na tena. Kinyaa kingi tumefundishwa, na tulifundishwa mapema mno hata hatukumbuki somo.

Dhana: anayewachukia sana ni mmoja wao kwa siri

Hii huipenda watu wanaojiona wameelimika. Chimbuko lake moja ni utafiti wa Henry Adams na wenzake wa mwaka 1996 kule Georgia, Marekani, kwa wanaume 64: wenye chuki walionesha dalili za kusisimka kimapenzi walipotazama filamu za wanaume wakifanya mapenzi wao kwa wao. Tafiti za baadaye hazikukubaliana na hilo zote, na wanaume 64 hawatoshi kumpaka kila mtu rangi. Kinachoniumiza zaidi ni kwamba dhana hii inawabebesha wanaochukiwa mzigo wa chuki yenyewe.

Dhana: ni wagonjwa, wapelekwe Milembe, hospitali ya wagonjwa wa akili

Shirika la Afya Duniani liliondoa kuvutiwa na jinsia yako kwenye orodha ya magonjwa mwaka 1990.

Dhana: aliyeshtuka hawezi kujizuia

Hii ndiyo inayoua, na ndiyo iliyonifanya niandike. Amilesi hupanda pia mtu akingoja mtihani au akisimama kuhutubia, na sijaona mtahiniwa akampiga msimamizi kwa sababu hiyo. Kati ya moyo kwenda mbio na mkono kuinuka kuna uamuzi. Hata hivyo, katika mahakama za Marekani wauaji walikuwa wakijitetea kwamba walipandwa na taharuki baada ya kutongozwa na mwanamume mwenzao. California ikawa jimbo la kwanza huko kuuzuia utetezi huo kwa sheria, mwaka 2014. Mate ya wale wanaume wa Utah hayawezi kuurudisha.