Je, wajua kwa nini lenzi isiyovuta ndiyo wengi hushauri iwe ya pili?

Kamera nyingi za kuanzia zimekuwa zikiuzwa pamoja na lenzi ya milimita 18 hadi 55. Mwenye kamera akishaizoea, hamu ya kwanza huwa kutafuta inayovuta mbali zaidi. Lakini akiwauliza wapiga picha wazoefu, wengi watamwambia anunue ya milimita 50 yenye f/1.8. Ni lenzi fupi, nyepesi, haivuti hata kidogo, na hiyo 50 yenyewe tayari anayo ndani ya lenzi yake ya zamani. Sasa anaongezewa nini?

Anaongezewa mwanga. Namba ya f hupatikana kwa kugawanya urefu wa fokasi (zile milimita za lenzi) kwa upana wa tundu linalopitisha mwanga, ndiyo maana namba ikishuka tundu huwa limepanuka. Ile lenzi ya kwanza ukiivuta hadi milimita 50, kwa kawaida haishuki chini ya f/5.6, yaani tundu lenye upana wa milimita 9 hivi. Kwenye f/1.8 upana huo unafika karibu milimita 28. Ni zaidi ya mara tatu, na kwa kuwa mwanga hupita kwenye eneo lote la tundu, unaoingia ni karibu mara kumi. Tuseme uko sebuleni jioni na kamera inataka kasi ya shata (muda inaoachia mwanga uingie) ya 1/15 ya sekunde. Mtoto akigeuza kichwa tu, uso umeburuzika. Kwa f/1.8, taa zikiwa zilezile, unaweza kupiga kwa 1/125 na macho yakatulia. Usidanganyike na kidhibiti mtikisiko: kinatuliza mkono wako, mtoto hakimhusu.

Tundu pana pia hufanya eneo lililo makini, yaani linaloonekana bila ukungu, kuwa jembamba. Kwenye kamera ya sensa ndogo (sensa ni kile kipande kinachonasa picha), ukimpiga mtu aliye mita 2 mbele yako kwa milimita 50 na f/1.8, kilicho makini ni kina cha sentimita 11 au 12 tu. Ukisogea hadi mita 1 zinabaki kama 3: jicho la karibu linaonekana hadi kope, sikio limeshaanza kuyeyuka, na ukuta wa nyuma umegeuka rangi tupu. Wengi huitamani lenzi hii kwa sababu hiyo, nami naona wanaitumia kupita kiasi. Watu wawili wakisimama mmoja mbele kidogo ya mwenzake, mmoja atapotea. Hapo panda hadi f/4.

Kinachoshangaza ni kwamba lenzi hii kwa kawaida ni miongoni mwa zile za bei nafuu kabisa. Mpangilio wake wa vioo ni wa zamani: Paul Rudolph wa kampuni ya Zeiss aliubuni mwaka 1896, vioo sita vikipangwa pande mbili za tundu karibu kwa ulinganifu, hivyo kasoro nyingi za upande mmoja zikafutwa na upande wa pili. Lenzi nyingi za 50 f/1.8 bado zimejengwa juu ya wazo hilo. Lenzi ya kuvuta inahitaji vioo vingi zaidi, tena vya kusogea kwa usahihi mkubwa.

Kuna jambo ambalo washauri hulisahau, nalo ni sensa. Sifa ya milimita 50 kuwa lenzi ya kila kazi ilitokana na kamera za filamu ya milimita 35, ambazo chapa ya Leica ilizieneza kuanzia mwaka 1925. Kamera nyingi za kuanzia leo zina sensa ndogo kuliko fremu ile, na humo 50 huona eneo finyu zaidi, kama 75 au 80. Kwa sura za watu ni tamu. Kwa chumba kidogo utarudi nyuma hadi mgongo uguse ukuta, na kundi halitaenea. Kwa kamera hizo mimi ningeanza na milimita 35 f/1.8.

Huna haja ya kuniamini, kipimo unacho. Weka lenzi yako ya zamani kwenye 35, usiguse pete yake siku nzima, kesho yake fanya hivyo kwenye 50. Au fungua taarifa za picha zako bora uone zilipigwa kwa milimita ngapi. Zikiwa zimejaa 55 na zote ni za ndege au uwanja wa mpira, basi tamaa yako ya kuvuta mbali ni ya haki, na 55 hadi 200 itakufaa kuliko ushauri wangu wote.

Kabla ya kulipa, hakikisha lenzi inaingia kwenye kamera yako, na kwamba itafokasi yenyewe. Nikon za familia ya D3000 na D5000, kwa mfano, hazina mota ya fokasi ndani, kwa hiyo lenzi kuukuu zilizoandikwa AF peke yake, ambazo hutegemea mota ya kamera, utazizungusha kwa mkono. Tafuta zilizoandikwa AF-S, zenye mota yake ndani.