Mbali na Jua si lazima kuganda hadi kiini

Wengi hudhani kwamba mwezi ulio mbali na Jua lazima uwe umeganda wote, na kwamba Europa ya Mshtarii au Enceladus ya Zohali ni madonge ya barafu tupu. Kwa juu ni kweli: uso wa Enceladus una baridi ya karibu nyuzi 200 chini ya sifuri. Kosa ni kudhani kwamba joto lote hutoka kwenye Jua.

Njia ya Enceladus kuzunguka Zohali si duara kamili. Katika kila mzunguko wa saa 33 hivi, mwezi huo husogea karibu kidogo, kisha hujitenga. Mvutano ukipanda na kushuka, umbo lake huvutwa na kulegezwa, na ndani hupata moto kama waya unaokunjwa na kukunjuliwa mara nyingi. Mbona njia hiyo haijawa duara hadi leo? Ni mwezi jirani, Dione, unaoivuruga: Enceladus huzunguka mara mbili kila Dione unapozunguka mara moja.

Mwaka 2005 chombo cha angani cha Cassini, kilichokuwa kikichunguza Zohali, kilikuta mvuke na chembe za barafu zikifyatuka kutoka kwenye nyufa nne ndefu za ncha ya kusini. Baadaye chembe hizo zilikutwa na chumvi, dalili ya bahari iliyo chini ya barafu na inayogusa miamba. Na huu ni mwezi wenye kipenyo cha kilomita 500 tu!

Io, jirani wa Europa, hukandamizwa vikali zaidi. Huko kinachomwagika ni lava.