Anzeni na Mtungi wa Maziwa: Jinsi ya Kuwasaidia Wanafunzi Kuchunguza Kazi za Kilimo

Mwulize mwanafunzi wa sekondari kule Njoro au Rongai, kaunti ya Nakuru, akutajie kazi za kilimo. Atataja tatu: mkulima, afisa wa kilimo, daktari wa mifugo. Mpe orodha ndefu ya majina ya kazi na ataikariri leo aisahau wiki ijayo, maana jina halimwonyeshi mtu huyo anashika nini mkononi saa mbili asubuhi. Ndiyo maana nawaomba walimu wenzangu wasianze na majina. Chagueni bidhaa moja inayopita karibu na shule yenu, kisha darasa liifuate kutoka mkono hadi mkono mpaka imfikie mlaji.

Kwa Nakuru napenda maziwa. Kabla hata ya ng'ombe kushika mimba, kuna mhimilishaji, yaani anayepandisha ng'ombe kwa mbegu ya dume iliyogandishwa, anayebeba mbegu hiyo kwenye mtungi wa naitrojeni ya kimiminika, yenye baridi ya nyuzi 196 chini ya sifuri. Kuna anayepanga lishe, anayetengeneza saileji (malisho mabichi yaliyoshindiliwa na kuchachushwa ili yadumu), anayetibu, anayeuza dawa kwenye agroveti. Maziwa yakifika kituo cha kupozea cha ushirika, mpimaji huchanganya kiasi kidogo na alkoholi ya kiasi kilekile. Yakifanya mabongemabonge hukataliwa, kwa kuwa yameanza kuchacha na hayatastahimili moto wa kiwandani. Kisha hutumbukiza laktomita, kipimo cha kuonyesha kama maziwa yametiwa maji: maziwa ya ng'ombe yasiyotiwa maji huwa na uzito wa kati ya gramu 1.026 na 1.032 kwa mililita. Yakisoma chini ya hapo, mwenye mtungi ana maswali ya kujibu. Yaliyopita huingia kwenye tangi na kushushwa hadi nyuzi 4. Umeme ukipotea, anayeokoa jasho la wafugaji wote siku hiyo ni fundi wa mitambo ya baridi, na mwanafunzi anayependa Fizikia huwa hajawahi kuambiwa kwamba hiyo nayo ni kazi ya kilimo. Bado hujamhesabu mhasibu wa ushirika, dereva wa lori, mtaalamu wa vyakula kiwandani na mkaguzi wa ubora. Chora mnyororo huo ubaoni, kila mkono ukiwa na kisanduku chake, na uwaache wanafunzi wajaze. Kazi kumi na tano hupatikana ndani ya kipindi kimoja.

Molo tumieni viazi. Naivasha kuna maua, Ahero mpunga, na Kisumu samaki wanaofugwa kwenye vizimba ndani ya Ziwa Victoria. Njoro mna ngano, na hapo kuna jambo linaloniuma. Kituo cha KALRO, shirika la utafiti wa kilimo na mifugo la Kenya, kilichoko pale hupanda aina za ngano kutoka nchi nyingi ili kuona zipi zinahimili kutu ya shina, ugonjwa wa ukungu unaoshambulia ngano, hasa kundi la Ug99 lililopewa jina hilo kwa sababu lilitambuliwa Uganda mwaka 1999. Kuna watoto wanaopita karibu na mashamba hayo kila siku wakienda shuleni, na hakuna aliyewaambia kwamba mle ndani kuna watu ambao kazi yao ni kusoma madoa kwenye mashina ya ngano.

Baada ya mnyororo, kila kikundi cha wanafunzi wanne kichague visanduku viwili tu. Wakichukua vingi watanakili maneno ya intaneti bila kuelewa. Wamtafute mtu anayefanya kazi hiyo na kuzungumza naye dakika ishirini, wakiwa na maswali yaliyoandikwa. Swali la "kazi yako ni nini?" huleta hotuba. Wamwombe awaeleze siku ya jana, saa kwa saa. Wamwulize ni kosa gani hufanywa sana na anayeanza, na somo gani la shule analitumia kila wiki. Swali la mshahara huharibu mazungumzo likiulizwa vibaya. Wasiulize yeye hupata ngapi. Waulize anayeanza hulipwa kwa mwezi, kwa siku au kwa kila huduma, na miezi ipi kazi hupungua. Wahimilishaji wengi hulipwa kwa kila ng'ombe, na mtoto anapaswa kulijua hilo kabla hajachagua kozi.

Sasa masharti ya masomo, na hapa ndipo ndoto nyingi huvunjika. Kwa mfumo wa KCSE, mtihani wa mwisho wa kidato cha nne, wastani wa C+ hufungua mlango wa digrii, C- stashahada, na D cheti. Lakini wastani ni mlango wa nje tu. Kozi ina masharti yake ya somo mojamoja, na mwanafunzi mwenye C+ ya jumla anaweza kufungiwa nje kwa sababu ya Kemia. Mwonyesheni ukurasa wa kozi yenyewe kwenye tovuti ya KUCCPS, shirika linalowapangia wanafunzi nafasi za vyuo, asome alama inayotakiwa kwa kila somo, aiandike kando ya alama yake ya sasa. Kwa wale wa gredi ya 10 ya mtaala mpya, Kilimo kipo katika mkondo wa STEM (sayansi, teknolojia, uhandisi na hisabati), lakini kuchagua Kilimo peke yake hakutoshi kwa anayetaka udaktari wa mifugo au sayansi ya vyakula: anahitaji Kemia na Biolojia. Anayetaka uhandisi wa kilimo asiache Fizikia.

Jambo jingine husahaulika: usajili. Anayetaka kutibu mifugo, awe daktari au mhudumu wa ngazi ya cheti, lazima asajiliwe na Bodi ya Veterinari ya Kenya (Kenya Veterinary Board), hivyo kabla ya kulipa karo aulize kama bodi inatambua mafunzo ya chuo hicho. Mhandisi vilevile ana bodi yake. Wapo vijana waliomaliza miaka miwili wakiwa na karatasi isiyowaruhusu kugusa sindano.

Napendekeza pia kila kikundi kikusanye matangazo matatu ya kazi kutoka magazetini au tovuti za kaunti. Ugani, yaani kuwashauri wakulima mashambani, ni jukumu la kaunti tangu ugatuzi wa 2013, na nafasi hizo hutangazwa na bodi za utumishi wa umma za kaunti. Wapige mstari chini ya cheti kinachotakiwa na miaka ya uzoefu.

Ziara huharibika kwa mambo madogo. Barua ya mwalimu mkuu itangulie wiki tatu. Usiombe shamba la maua kwenye wiki za kuelekea Februari 14, Siku ya Wapendanao, hakuna atakayekuwa na muda wako. Ulizeni lini kitalu kilinyunyiziwa dawa, kwa kuwa lebo hutaja saa ambazo mtu haruhusiwi kuingia. Shamba la kuku likiwakatalia msinung'unike: mwanafunzi anayefuga kuku nyumbani anaweza kubeba ugonjwa kwenye viatu. Kituo cha maziwa fikeni saa moja asubuhi, maana saa nne upimaji umekwisha na mtaona tangi lililofungwa tu.

Kila kikundi kijaze ukurasa mmoja kwa kila kazi: shughuli za siku, kozi na chuo, alama za masomo, usajili, namna ya malipo. Ziwekwe kwenye faili moja maktabani. Juu ya kila ukurasa iandikwe tarehe, kwa sababu masharti ya kozi hubadilika, na kidato kitakachofuata kianze kwa kuyahakiki upya.