Petiti: kilicho kidogo ni koloni, si seli

Juzi nimekutana tena na maelezo kwamba petiti ni "hamira ndogo isiyo na mitokondria". Maneno matano, makosa mawili.

Petiti ni hamira iliyopoteza uwezo wa kupumua kwa oksijeni, mara nyingi kwa sababu DNA ya mitokondria zake, yaani vijumba vya kupumulia vilivyo ndani ya seli, imeharibika au imetoweka. Huishi kwa kuchachusha tu: penye glukosi huota, penye gliseroli, ambayo hamira haiwezi kuichachusha, haioti. Maana ndiyo hiyo. Kinachowapoteza watu ni jina.

Jina lilizaliwa Ufaransa. Mwaka 1949 Boris Ephrussi na wenzake walieleza jinsi akriflavini, aina ya rangi ya kemikali, inavyozalisha hamira za aina hii kwa wingi, wakaziita petite colonie, yaani koloni dogo (koloni ni kundi la seli zilizotokana na seli moja). Baadaye watu wakachoka kutamka yote mawili. Nomino ikaanguka, kivumishi kikabaki kinaelea. Na Kifaransa chenyewe hakimsaidii msomaji, maana koloni, seli na hamira zote humo ni za jinsia ya kike, na petite inazifaa zote tatu. Kiswahili hakikuachii mwanya huo. Ni koloni dogo, lakini ni seli ndogo. Ukishaandika "ndogo" umechagua, na umechagua vibaya.

Chini ya hadubini ya kawaida, ukubwa wa seli hautakuambia ipi ni petiti. Tofauti huonekana kwenye sahani, pale seli moja inapozaa umati. Hamira ya kawaida na petiti zote huanza kwa kuchachusha glukosi na kutoa alkoholi. Sukari ikiisha, hamira ya kawaida huigeukia ile ile alkoholi, ikaitumia kwa kupumua na kuendelea kuongezeka. Petiti haiwezi, kwa hiyo husimama hapo. Ukimwagia juu ya sahani hiyo agari (jeli ya kuoteshea) yenye tetrazolia, kemikali inayogeuka nyekundu penye upumuaji, makoloni ya kawaida hugeuka mekundu, ya petiti hubaki meupe.

Kuhusu mitokondria: zipo. Hadubini ya elektroni huonyesha utando wa nje na utando wa ndani. Kilichoharibika ni mikunjo ya ule wa ndani, ambayo huwa michache au imekaa shaghalabaghala. Petiti iliyopoteza DNA ya mitokondria hukosa saitokromu a na b, ambazo ni protini za kupumulia, lakini c inayo, kwa kuwa jeni lake limo kwenye kiini cha seli. DNA ya mitokondria ya hamira hubeba maagizo ya protini zipatazo 8 tu. Nyingine, mamia kwa mamia, huagizwa na kiini na kuingizwa kutoka nje. Ndiyo maana kiwanda hubaki kimesimama hata mitambo ya kupumulia ikiwa imeng'olewa. Tena seli hainusuriki bila kiwanda hicho, kwani humo ndimo huanza kuundwa vishada vya chuma na salfa ambavyo vimeng'enya kadhaa haviwezi kufanya kazi bila hivyo.

Jambo moja kwa wanaolinganisha picha: hamira ya kawaida iliyolishwa glukosi nyingi nayo hupunguza mitokondria zake. Usichukue petiti kutoka kwenye glukosi ukaiweka kando ya nzima iliyooteshwa kwenye gliseroli, kisha ukailaumu DNA kwa tofauti yote unayoiona.

Kwa hiyo, ukiwa na nafasi, andika "hamira isiyopumua, yenye koloni dogo". Ni refu, nakubali. Ukilazimika kufupisha, futa "ndogo" na uiache petiti ijisemee.