Władysław Biały wa Gniewkowo: mtawa aliyerudi kudai urithi

Habari fupi za Władysław Biały, mtawala wa Gniewkowo huko Poland katika karne ya 14, karibu zote humfanya kituko: mtawa aliyeacha monasteri, akashika upanga, akashindwa, akarudi alikotoka. Hayo yalitokea kweli. Lakini ukimsimulia bila ukoo wake, matendo yake yote yanaonekana ya kichaa, na jambo hilo linaniudhi kwa sababu hakuwa kichaa hata kidogo.

Dhana: Wapiast, ukoo wa kifalme wa Poland, walikwisha mwaka 1370, alipofariki Mfalme Kazimierz Mkuu.

Waliokwisha ni wafalme wa ukoo huo, maana Kazimierz hakuacha mtoto wa kiume wa ndoa. Wanaume wa ukoo wenyewe walikuwa wengi. Tawi la Mazovia liliendelea hadi 1526, na la Silesia hadi 1675. Na kutoka Kuyavia, eneo lenye Gniewkowo, alikuwepo Władysław, wa mwisho katika tawi lake. Babu yake Siemomysł na Władysław Łokietek, baba yake Kazimierz, walikuwa ndugu wa baba mmoja, mama mbalimbali. Kwa damu ya upande wa kiume, hakuna aliyekuwa karibu na marehemu kuliko yeye. Ludwik wa Hungaria, aliyevikwa taji Kraków mwaka huohuo, alikuwa mwana wa dada yake Kazimierz, na aliingia kwa mapatano yaliyofungwa mfalme akiwa hai.

Dhana: Alikuwa gavana tu aliyewekwa na mfalme.

Hapana. Poland iligawanywa kati ya wana wa Bolesław III mwaka 1138, na vizazi vilivyofuata vikaendelea kugawana. Hata baada ya ufalme kuunganishwa na Łokietek mwaka 1320, Gniewkowo, mji ulio kati ya Inowrocław na Toruń, ulibaki urithi wa baba yake, kisha wake. Neno la Kipolandi książę humaanisha mtawala na mwanamfalme kwa pamoja. Alimtambua mfalme kuwa mkubwa wake, lakini ardhi ilikuwa ya kwao.

Dhana: Alinyang'anywa ardhi yake vitani.

Aliiuza mwenyewe. Mkewe Elżbieta, binti wa Albert wa Strzelce, alifariki mwanzoni mwa miaka ya 1360, na hawakuacha mtoto. Muda mfupi baadaye Władysław alimwachia Kazimierz utawala wake kwa florini 1,000, sarafu za dhahabu, akaondoka. Alifika Nchi Takatifu, akawa pia Prussia pamoja na mashujaa wa Shirika la Kitutoni, watawa-askari wa Kijerumani, na mwaka 1366 akapokelewa utawani Cîteaux, Ufaransa. Huko hakukaa sana. Alihamia kwa Wabenedikto wa Saint-Bénigne, Dijon.

Mjane asiye na mtoto, aliyekwisha kuuza urithi wake, anazunguka dunia kisha anabisha hodi monasterini: mimi naona msiba hapo kabla sijaona kigeugeu.

Dhana: Alirudi Poland kwa tamaa tu, bila mtu wa kumuunga mkono.

Hapa ndipo simulizi fupi zinapomkosea zaidi. Ludwik alitawala Poland akiwa Hungaria, huku mama yake akimwakilisha Kraków. Wakuu wa Wielkopolska, eneo la magharibi, hawakupendezwa, na baadhi yao walitaka Mpiast wa kwao. Walimfuata Władysław hadi Dijon. Alikwenda kwanza kwa Papa Gregori XI, Avignon, walikoishi mapapa wakati huo, kuomba afunguliwe nadhiri zake. Akakataliwa. Akaondoka hivyohivyo, na mwaka 1373 akaziteka ngome kadhaa za Kuyavia, Gniewkowo ikiwemo.

Mambo hayakuishia hapo. Alishindwa, akarudi tena, na mapambano ya mwisho yakawa Złotoria, ngome iliyo pale mto Drwęca unapoingia Wisła. Katika kuizingira ngome hiyo aliumia Kazko wa Słupsk, mjukuu wa Kazimierz Mkuu kwa binti yake, aliyekuwa upande wa mfalme. Kazko alifariki Januari 1377. Władysław alisalimu amri, na Ludwik akamlipa florini 10,000 ili aachane na madai yake. Linganisha na zile 1,000 za mwanzo. Hakuna mfalme anayelipa mara kumi kwa madai asiyoyaogopa.

Na huyo aliyemlipa alikuwa mkwe wa familia. Dada yake Władysław aliolewa na Stjepan II, mtawala wa Bosnia, wakamzaa Elizabeth, na Elizabeth huyo ndiye mke wa Ludwik. Jeshi la mfalme lilikuwa limemzingira mjomba wa malkia. Jadwiga, bintiye Elizabeth aliyevikwa taji la Poland mwaka 1384, alikuwa mjukuu wake kwa hesabu zetu.

Dhana: Papa alimfungulia nadhiri, basi alipata alichotaka.

Ruhusa ilikuja mwaka 1382, mwaka aliofariki Ludwik. Aliyeitoa ni Klementi VII wa Avignon. Wakati huo Kanisa lilikuwa limegawanyika chini ya mapapa wawili, na Poland ilimfuata yule wa Roma, Urbano VI. Karatasi ya Avignon ingemsaidia nini Gniezno, makao ya askofu mkuu, au Kraków? Zaidi ya hayo alikuwa mtu mzima wa takriban miaka hamsini au zaidi, asiye na mrithi.

Alifariki mwaka 1388 mjini Strasbourg. Mwili wake ulipelekwa Dijon, kwa Wabenedikto wake. Bamba la kaburi lake lingali ndani ya Saint-Bénigne, lenye jina la mtawala wa Poland.