Miguu ya buibui ikitoka na ukungu, kosa si la kamera

Wengi wanaoanza kupiga picha za wadudu kwa karibu huamini kwamba macho ya buibui yakitoka safi na miguu ikawa na ukungu, basi kamera ni duni. Sivyo. Hiyo ni fizikia ya lenzi. Ukimsogelea mdudu hadi taswira yake kwenye kihisi cha kamera, yaani kipande kinachopokea mwanga, ilingane na ukubwa wake halisi, sehemu inayoonekana wazi huwa nyembamba mno: kwa kamera ya fremu kamili (yenye kihisi cha ukubwa wa filamu ya milimita 35) na tundu la lenzi la kupitishia mwanga likiwa f/8, ni kama milimita 1 tu. Jani likitikisika kidogo, umeikosa. Kubana tundu (namba ya f ikikua, tundu hupungua) husaidia kiasi, lakini ukifika f/22 mwanga hutawanyika na picha nzima hupoteza ukali.

Kinachosaidia ni kuamka alfajiri, wadudu wakiwa bado wamepoa, kisha kupiga picha nyingi ukisogeza ulengaji, yaani mahali panapoonekana wazi, kidogo kidogo na kuziunganisha kwa programu. Nyingi huharibika, na inauma kweli. Lakini siku nilipompata vunjajungu mwenye matone ya umande juu ya macho, niliitazama picha ile asubuhi nzima.